Njia ya Ujiji, Reli ya Mwanza na Mwanafunzi wa Programu

Anayejifunza kuandika programu huvuka hatua za mwanzo kwa furaha. Anaiagiza kompyuta ichapishe jina lake, inachapisha. Anajumlisha bei, anaweka sharti, anazungusha kitanzi mara kumi, na kila mara jibu linakuja papo hapo. Halafu anafika kwenye algorithimu na miundo ya data, na hapo wengi hukata tamaa. Kitabu kinaanza na fasili ya rundo, zinafuata kurasa za msimbo, kisha alama za hisabati za kupimia kasi, na mwisho kabisa, nafasi ikibaki, linatajwa tatizo lililomfanya mtu ahangaike kubuni rundo hilo.

Ugumu huu kwa sehemu kubwa tumeutengeneza sisi wenyewe kwa kufundisha kinyumenyume. Mawazo yenyewe mengi ni mepesi kuliko hesabu za kidato cha pili. Mwanafunzi anayekutana na tatizo kwanza, akalihangaikia kwa mikono na chaki, kisha akaandika msimbo, na jina la kitaalamu akalipata mwishoni, hufika mbali zaidi kuliko aliyekaririshwa jina siku ya kwanza.

Hata hivyo, mfano wowote hautoshi. Vitabu vingi husema rundo ni kama sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine. Lakini sahani ya katikati unaweza kuichomoa, na kila aliyeosha vyombo anajua hivyo. Mfano wa kumsaidia anayeanza ni ule ambao kanuni ya muundo inatawala kitu chenyewe, kiasi kwamba ukiivunja, kazi inakwama mbele ya macho yako. Kwa kipimo hicho, Tabora imejaliwa kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki, kwa sababu tangu enzi za misafara umekuwa mji wa njia panda.

Katika karne ya 19 njia kuu kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, mahali ambapo wasafiri Waingereza Burton na Speke walifika mwaka 1857 na kupaandika kwa jina la Kazeh. Hapo njia ziligawanyika. Moja ilishika magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine ikateremka kuelekea Ufipa na Katanga. Wapagazi wa Kinyamwezi walizijua njia hizo kituo kwa kituo, wakibeba mizigo ya kiasi cha kilo 30 kila mmoja. Zilipita humo pembe za ndovu, nguo na shanga. Walipita humo pia watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, na mwalimu anayeitumia ramani hii darasani asiwafiche wanafunzi wake jambo hilo.

Chora vituo kwa vidoti ubaoni, viunganishe kwa mistari, na tayari una grafu. Waulize wanafunzi njia fupi ya kutoka Tabora hadi Ujiji ni ipi, nao wataonyesha iliyonyooka. Sasa waulize maji yako wapi, chakula kinanunuliwa wapi, hongo, yaani ushuru wa kupita, inalipwa kwa nani. Misafara haikuchagua njia kwa urefu peke yake. Ugogo, kabla ya kufika Tabora, ilikuwa na sifa ya hongo nzito na uhaba wa maji, na hayo yote yaliingia katika hesabu ya kiongozi wa msafara. Ukimwambia mwanafunzi aandike namba moja juu ya kila mstari, namba inayojumlisha siku, hongo na hatari, atakuwa ameelewa uzito wa kiungo kabla hajausoma popote.

Historia yenyewe inatupa zoezi. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mirambo, mtawala wa Urambo, na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, na barabara ya kwenda Ujiji ikafungwa. Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa Kwihara, jirani na Tabora, akimtafuta msafiri Livingstone, alishiriki vita hivyo upande wa Waarabu, wakashindwa. Mwezi Septemba aliondoka kwa kuzunguka kusini-magharibi kupitia Ukonongo, akageuka kaskazini hadi Uvinza, ndipo akaingia Ujiji. Kiungo kimoja cha grafu kilikatika, safari ikaendelea kwa viungo vingine.

Tuiwekee namba za darasani, zisizodai kuwa siku halisi za mtu yeyote. Tabora hadi Urambo 4, Urambo hadi Uvinza 9, Tabora hadi Ukonongo 10, Ukonongo hadi Uvinza 9, Uvinza hadi Ujiji 5. Kanuni ni hii: kati ya vituo ambavyo bado hujavifunga, chukua kile chenye jumla ndogo kuliko vyote, kifunge, kisha tazama kama kupitia hapo kunapunguza jumla za majirani zake. Kutoka Tabora unafunga Urambo kwa 4, Ukonongo kwa 10, Uvinza kwa 13, na Ujiji kwa 18. Sasa ongeza 8 kwenye kipande cha Tabora na Urambo, gharama ya kungoja na kulipa hongo. Mpangilio wa kufunga unabadilika mbele ya darasa: Ukonongo inatangulia kwa 10, Urambo inafuata kwa 12, Uvinza inafungwa kwa 19 kwa njia ya kusini, na Ujiji inafikiwa kwa 24. Aliyeng'ang'ania njia ya Urambo angetumia 26. Mtoto wa darasa la saba anaweza kulifanya hili, na ndiyo algorithimu ya Dijkstra yenyewe, nzima, bila kupunguzwa.

Edsger Dijkstra aliibuni mwaka 1956 akiwa amekaa mkahawani Amsterdam, kwa dakika kama 20, bila kalamu wala karatasi. Alihitaji tatizo la kuonyeshea uwezo wa kompyuta ya ARMAC ambalo mtu asiye mtaalamu angelielewa, akaandaa ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Alikuja kuichapisha mwaka 1959. Wazo lilitangulia, msimbo ukafuata, na msomaji wa kwanza aliyelengwa alikuwa mtu wa kawaida.

Ramani ileile inaonyesha pia pale algorithimu hii inaposhindwa, na hapa ndipo naona vitabu vya wanaoanza vinakimbia mapema. Dijkstra anafunga kituo na hakifungui tena, kwa imani kwamba kuendelea na safari hakuwezi kupunguza gharama. Lakini msafara ulikuwa wa biashara. Kipande ambacho unauza shanga kwa faida kubwa kuliko gharama za njiani kina namba hasi, na kituo ulichokifunga jana huenda leo kingefikiwa kwa nafuu kwa kuzungukia sokoni. Imani inavunjika, na inabidi kutumia algorithimu nyingine, ya Bellman na Ford, inayokubali kurudia hesabu za nyuma. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa mfano wa soko haambiwi akariri kwamba namba hasi haziruhusiwi. Anajua kwa nini.

Kutoka misafara tuje kwenye reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, jumla ya kilomita 1,250 hivi. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora hadi Mwanza, lililokamilika 1928, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia tawi la Kaliua hadi Mpanda, kwa ajili ya madini ya risasi. Itazame ramani hiyo magharibi ya Dodoma. Hakuna mzunguko hata mmoja. Kutoka Mwanza kwenda Kigoma kwa treni njia ni moja tu, nayo inapita Tabora. Kutoka Mpanda kwenda popote, lazima Kaliua. Grafu ya namna hiyo, iliyoungana na isiyo na mzunguko, ndiyo inayoitwa mti.

Sifa kuu ya mti hujulikana siku inapotokea hitilafu. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalibomoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za kutoka Dar es Salaam kwenda magharibi zikasimama. Hapakuwa na reli nyingine ya kuzungukia. Stanley mwaka 1871 alipata njia ya Ukonongo kwa sababu nyayo za wapagazi zilikuwa zimetengeneza grafu yenye mizunguko. Reli ilikuwa mti, na mti ukikatwa kiungo kimoja unagawanyika mapande mawili. Ukiziweka picha hizo mbili bega kwa bega, tofauti kati ya mti na grafu inakuwa imefundishwa. Kinachobaki ni kuuliza kwa nini mtu achague mti wakati ni dhaifu hivyo, na wanafunzi watajibu wenyewe: kila kilomita ya reli inagharimu fedha, na mti ndio unaounganisha vituo vyote kwa viungo vichache kabisa. Vituo 10, viungo 9.

Nalipenda zaidi somo lililoko ndani ya uwanja wa stesheni. Kwa miaka mingi treni kutoka Dar es Salaam imekuwa ikigawanywa Tabora, mabehewa mengine yakielekea Kigoma na mengine Mwanza. Kupanga mabehewa ni kazi yenye akili nyingi, na Tabora ni mji wenye chuo cha reli kinachofundisha kazi za aina hiyo. Chukua kipande cha reli kinachoishia kwenye kizuizi. Behewa lililoingia mwisho litatoka kwanza, kwa sababu hakuna namna ya kulipita. Hakuna wa kuchomoa la katikati. Hilo ni rundo halisi.

Sasa leta mabehewa matatu, 1, 2 na 3, yakiingia kwa mfuatano huo. Unaruhusiwa kulisukuma behewa kwenye kipande hicho au kulitoa wakati wowote. Je, unaweza kuyatoa kwa mpangilio wowote unaotaka? Wape wanafunzi watatu karatasi zenye namba, wapange madawati mawili kuelekea ukutani, na waache wajaribu. Watapata mipangilio mitano kati ya sita. Mmoja utawashinda: 3, 1, 2. Ili 3 litoke kwanza, lazima 1 na 2 yawe tayari ndani, na 2 limeziba njia ya 1. Mwanafunzi aliyesimama nyuma ya mwenzake ukutani hahitaji kuthibitishiwa. Kwa mabehewa manne, inawezekana mipangilio 14 kati ya 24, na darasa lenye subira litaihesabu yote.

Mfano huu haukuzaliwa Tabora. Donald Knuth aliutumia mfano wa mabehewa kuelezea rundo katika juzuu ya kwanza ya kazi yake kubwa, iliyotoka 1968. Dijkstra naye, mwaka 1961, alieleza jinsi ya kumfanya mfasiri wa lugha ya programu asome hesabu kama 3 + 4 × 2 kwa kuweka alama pembeni na kuzirudisha kwa zamu yake, na mbinu hiyo hadi leo inabeba jina la uwanja wa kupangia mabehewa. Wanafunzi wa Marekani na Ulaya husoma jina hilo bila hata kuona reli butu. Wa Tabora wanaweza kwenda kuitazama kwa miguu.

Bao ni somo la tatu, na nitalipitia upesi kwa kuwa wachezaji wapo kila mtaa. Kila mchezaji ana mashimo 16, safu mbili za manane, na kete za mchezo mzima ni 64. Yape mashimo yako namba kuanzia 0 hadi 15, na una safu ya kompyuta. Kete zikivuka shimo la 15 zinarudi 0, na hapo mwanafunzi anakutana na baki ya kugawanya kwa 16 kama kitu chenye kazi. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unazizoa na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Hicho ni kitanzi ambacho hakijui mapema kitazunguka mara ngapi. Kanuni kamili za kula zina mengi zaidi, lakini hizi mbili zinatosha kuandika programu ya kwanza. Swali zito linakuja lenyewe: je, kuna mpangilio ambao mchezaji hatalala kamwe? Watafiti walioandika programu za kucheza bao walilazimika kulishughulikia swali hilo, kwa sababu kompyuta, tofauti na mzee wa kijiweni, haichoki kusambaza.

Linabaki suala la kasi, linalowatisha wengi kwa sababu ya alama zake. Hapa namba zinatosha. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,391,679 mkoani Tabora na 61,741,120 Tanzania nzima. Chukulia majina yao yamepangwa kialfabeti katika orodha moja. Ukilitafuta jina kwa kuanzia la kwanza, Tabora peke yake inaweza kukudai zaidi ya hatua milioni tatu. Ukifungua katikati, ukauliza liko kabla au baada, ukatupa nusu, ukarudia, kwa Tabora utahitaji hatua zisizozidi 22. Kwa Tanzania nzima, 26. Watu wameongezeka mara 18, hatua zimeongezeka nne. Mwanafunzi aigawanye orodha yeye mwenyewe kwa mbili hadi abaki na mmoja, kwa kalamu. Akishamaliza, neno logi litakuwa jina la jambo alilolifanya.

Lugha nayo ina uzito wake katika suala hili. Mtoto wa Kitanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, na algorithimu humfikia kwa lugha ya pili wakati mawazo yenyewe ni mapya. Anabeba mizigo miwili kwa mara moja. Wapo wanaosema haiepukiki kwa kuwa lugha za programu zimeandikwa kwa Kiingereza. Python ina maneno yaliyotengwa 35. Hiyo ndiyo sehemu ya Kiingereza isiyoepukika katika msimbo. Maelezo, maswali, mabishano na majina ya vigeu yanaweza kuwa kwa Kiswahili, na kompyuta haitalalamika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa KiLinux uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004, kwa hiyo uwezekano ulishaonyeshwa. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, alimfasiri Shakespeare. Kanuni ya kufunga kituo chenye jumla ndogo haiwezi kuwa ngumu kusemeka kuliko hotuba ya Antonio kwenye mazishi ya Kaisari.

Kuhusu vifaa, nchi yetu ina historia ya kuchelewa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilikuja 1965, Wizara ya Fedha. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, na athari yake ilidumu. Leo shule nyingi za mikoani zina mashine chache kuliko wanafunzi. Jambo hili linaumiza katika kufundisha uandishi wa msimbo, lakini haliumizi sana katika algorithimu. Tim Bell na wenzake, New Zealand, tangu miaka ya 1990 wamejenga mafunzo kamili ya sayansi ya kompyuta yanayotumia kadi, kamba na uwanja wa shule. Chuo kikuu kimoja cha Romania kimerekodi ngoma za asili ambamo wachezaji wenye namba kifuani wanajipanga kwa kanuni za algorithimu. Nchi zenye kompyuta tele zinaanza bila kompyuta kwa hiari yao.

Hatari ya njia hii naiona moja, na ni kubwa. Roy Pea alionyesha mwaka 1986 kwamba makosa mengi ya wanaoanza yana mzizi mmoja: wanadhani ndani ya mashine kuna akili inayoelewa walichokusudia. Mifano ya watu inaweza kuikuza dhana hiyo. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akikuta kisima kimekauka, anabadili njia. Kompyuta itaendelea kupita kwenye kisima kikavu hadi uipe kanuni ya kufanya vinginevyo. Kwa hiyo kila zoezi la chaki lipate mtekelezaji mmoja anayefanya kilichoandikwa tu, neno kwa neno, hata kikiwa cha kipuuzi, na wenzake wasiruhusiwe kumkonyeza. Darasa litacheka, litarekebisha maagizo, na katika kurekebisha huko ndiko kuandika programu kunakoanza.

Swali la sasa ni kama haya yote yana haja, ilhali zana za akili unde zinaandika Dijkstra kwa sekunde. Zana hizo zitakuandikia, na mara nyingi zitakuandikia vizuri. Hazitajua kwamba ramani yako ina soko lenye namba hasi kama hukuziambia, na hutaziambia kama hujui kuwa linabadilisha jibu. Kwa sababu hiyo ningepunguza muda wa kukariri msimbo wa kupanga namba kwa njia saba tofauti, nikauhamishia kwenye kuchagua: hii ni grafu au ni mti, hapa patumike rundo au foleni, orodha hii imepangwa au haijapangwa.

Mitihani ndiyo itakayoamua, maana mwalimu hufundisha kinachoulizwa. Mtihani unaosema "eleza maana ya rundo" utazaa wakariri. Badala yake mpe mtahiniwa mabehewa matano, reli butu moja, na mpangilio wa kutoka 4, 5, 3, 1, 2. Aseme kama unawezekana, na kama hauwezekani aonyeshe ni behewa gani limemzibia lipi. Mpe ramani ya reli magharibi ya Dodoma na kipande kimoja kipya cha kujenga popote anapotaka. Aseme ni viungo vipi vya zamani ambavyo baada ya hapo vikikatika treni bado itapata pa kupita.